Namba Mbili Ninazozijua kwa Kichwa

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, na kupitia kwako namwamkia Mzee Fundi Saa, ambaye bila shaka ndiye anayekusomea barua hii, miwani ikiwa imemshukia puani kama kawaida yake. Mzee wangu Fundi, nina ombi moja kabla hujaendelea. Soma kila neno. Nakujua: ukifika mahali pagumu hujikohoza na kudai kwamba wino umefifia. Wino haujafifia. Nimenunua kalamu mpya na nimeandika herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na yote yaliyomo Baba anapaswa kuyasikia, hata yale yanayonichoma mimi.

Baba, desturi inanitaka nikuulize kama u mzima. Safari hii swali lenyewe limekuwa zito, maana serikali inasema vingine. Magoti yanaendeleaje? Na ule ukuta wa uani uliokuwa unatishia kuupiga lipu mwenyewe, natumaini umeuacha, kwa sababu mtu asiyeiona ngazi haipandi. Mimi mwili haujambo. Nakula, nalala, sina homa. Mengine utayasikia.

Tangu uliponipigia Jumamosi sijatulia. Ulinieleza ulivyokwenda hospitali ya macho kuthibitisha zamu yako ya kutolewa mtoto wa jicho, ukatoa kitambulisho, karani akaitazama skrini, akakutazama wewe, akairudia skrini, halafu akakupa pole ya msiba. Akakuuliza wewe ni nani wake marehemu. Ukamjibu kwamba mko karibu sana, mmelala kitanda kimoja miaka sabini na moja. Nilicheka, Baba, na nilimsikia Fundi Saa akicheka nyuma yako mpaka akapaliwa. Kisha sauti yako ikashuka. Ukasema jina lako limeondolewa kwenye orodha kwa sababu maiti hapasuliwi macho, kwamba daktari bingwa anaondoka tarehe ishirini na hatarudi mpaka mwaka ujao, na kwamba jicho la kushoto limekwisha kufunga na la kulia linakuonyesha mwanga wa mlangoni tu. Ukaniuliza, mimi mtu wa kompyuta, kosa la namna hii linatokeaje. Nikakuahidi nitaulizia.

Nimeulizia. Jibu limo humu, na ndani ya bahasha kuna karatasi mbili zenye muhuri ambazo nitakueleza matumizi yake. Lakini lazima nianzie mbali kidogo. Univumilie.

Kwanza nirekebishe jambo. Kwa miaka minne nimekuwa nikikuambia kwamba nafanya kazi ofisi ya kompyuta. Kompyuta ipo, ofisi ndiyo haipo. Ni duka la kuchapa na kutoa nakala, upana wake hatua tatu, lina mashine mbili na feni moja inayolalamika kutwa. Watu huniletea barua zao za maombi ya kazi, nami huzichapa vizuri, hata makosa huwasahihishia. Wanakwenda wanapata kazi, kisha wanarudi kwangu kutoa nakala za barua za ajira. Mama mwenye duka ananiheshimu, sina neno naye. Lakini siyo kazi niliyoisomea, na siyo ile niliyoapa pale kizingitini petu kwamba sitarudi nyumbani mpaka niipate. Wewe hukuniapisha. Ulisema tu niende, na nikirudi nirudi na jambo. Kiapo nilijitungia mwenyewe, na ubishi wangu unajua ulikotoka.

Chumba changu kiko ghorofa ya tatu, nyuma ya jengo. Dirisha linatazama ukuta wa jengo jingine, karibu kiasi kwamba naweza kuugusa kwa ufagio. Ungeuona ungeshika kiuno: matofali yamepishana ovyo, saruji imechuruzika hadi chini, na aliyeujenga bila shaka yuko mahali anajiita fundi. Jirani wa mkabala namjua kwa kandambili zake tu, maana hutoka kabla yangu na kurudi baada yangu. Ijumaa nikishafunga duka, mtu wa kwanza kusema naye ana kwa ana ni Jumatatu asubuhi. Ndiyo maana kabla ya kukupigia kila Jumapili huwa najikohoza na kuhesabu moja, mbili, tatu kwa sauti, nijue kama koo bado linafanya kazi. Wewe huniambia sauti yangu nzito kama ya mtu aliyetoka kulala, nami hukujibu kwamba nimechoka na kazi. Siyo kazi, Baba. Ni kwamba siku mbili zimepita sijaitamka hata salamu. Niko peke yangu huku, na nimekuficha hilo kwa sababu ungeniambia nirudi, na ningerudi.

Sasa, kazi ya serikali. Siku moja mteja alileta tangazo nimtolee nakala tatu. Nilitoa nne. Idara inayotunza kumbukumbu za wananchi ilikuwa inatafuta wajaribu wa programu za kompyuta, nafasi mbili. Unakumbuka nilipokueleza Jumapili ile kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kutafuta makosa ya wenzao kabla mwananchi hajakumbana nayo? Ulisema hiyo siyo kazi, hiyo ni tabia ya mama mkwe, na kwamba kama serikali imeanza kuitolea vyeo basi bibi mzaa mama alikufa kabla ya wakati wake. Lakini wewe mwenyewe umeifanya kazi hiyo maisha yako yote. Mwashi mvivu huutazama ukuta kwa mbali akasema umenyooka. Wewe ulishusha timazi, ukaweka pima maji, kisha ukapita ukigonga tofali mojamoja kwa kifundo cha kidole, ukisikiliza. Mimi nilibeba ndoo nyuma yako nikidhani watu wote hufanya hivyo.

Maombi yalijazwa kwenye kompyuta, na fomu yenyewe ilikuwa mgonjwa. Niliiambia nimezaliwa tarehe thelathini ya mwezi wa pili, ikakubali na kunishukuru. Cheti changu iligoma kukipokea mpaka nilipokituma mara ya saba. Basi nikafanya ujeuri: nyuma ya barua yangu ya maombi nikaambatanisha ukurasa mmoja unaotaja makosa matatu ya fomu yao na namna ya kuyarekebisha. Mama mwenye duka alishika kichwa. Alisema nimekwenda kuposa na nimeanza kwa kumwambia mkwe kwamba paa lake linavuja.

Kumbe mkwe alipenda. Kati ya watu mia tatu na kumi na mbili walioomba, waliitwa tisa, nami nikiwemo. Jopo lilikuwa na watu watatu, na mwenyekiti wao ni mama mmoja wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni, asiyepandisha sauti hata kidogo. Aliniuliza kwa nini naitaka kazi hiyo. Nilikuwa nimekariri jibu zuri la kulitumikia taifa, lakini jibu likaniruka. Nikajikuta nawasimulia jinsi baba yangu alivyopanga foleni mara tano kutafuta namba ya kitambulisho, kwa sababu mashine ilidai tarehe ya kuzaliwa na yeye anajua mwaka tu. Na jinsi mara ya tano karani alivyochoka akampa tarehe mosi ya mwezi wa kwanza, na baba akatoka nje akasema leo nimezaliwa upya na hata maji ya kuoga sijapewa. Wale wanaume wawili walicheka. Mama Mwenyekiti hakucheka, aliandika.

Wiki iliyofuata tukafanya mtihani wa vitendo, tisa sisi, kila mmoja na kompyuta yake. Tulipewa mfumo wa kusajili wananchi: kuzaliwa, kuhama, kuoana, kufa. Kazi ilikuwa kuuhangaisha kwa saa tatu na kuandika kila kosa unalolikuta. Kila mmoja alipewa karatasi yenye watu watano wa kubuni na namba zao za kubuni, na Mama Mwenyekiti akatusomea masharti. La nne alilirudia mara mbili: ni marufuku kutumia taarifa za mtu halisi. Kuzaliwa na kuhama vilikwenda vizuri. Lakini sehemu ya vifo iliwakataa watu wetu wote watano, ikidai namba hazipo. Jirani yangu wa kushoto alinong'ona kwamba pameharibika, akaandika hivyo na kusonga mbele, na wengine wakafanya vivyo hivyo. Mimi mlango uliofungwa huniwasha. Nikatafuta njia, nikapenya. Namna nilivyopenya naomba niiruke kwa sasa, nitairudia. Nikiisema hapa sitaweza kumaliza barua. Nilitoka na makosa kumi na moja. Aliyenifuata alikuwa na sita.

Ilipita miezi miwili kimya. Ijumaa iliyopita, saa tano asubuhi, nikapigiwa simu dukani. Nimekuwa wa kwanza kati ya tisa. Niende Jumatatu kutia saini mkataba. Nilisema ahsante mara nne, nikakata simu, nikageuka nimwambie mtu, na dukani hapakuwa na mtu. Mama mwenye duka alikuwa amesafiri. Nikaisimulia ile mashine ya nakala. Usicheke, Fundi Saa, nawe huongea na saa zako. Nikapanga Jumapili nikupigie, nikuambie Baba, nimepata jambo, narudi. Nilishafikiria hata maneno. Lakini Jumamosi ukanitangulia kwa simu, ukaanza na lile la karani na pole ya msiba. Habari yangu njema ilikuwa iko ulimini kabisa. Nikaimeza.

Sasa nimefika pale niliporuka. Mzee Fundi, hapa ndipo usipokohoa.

Sehemu ya vifo ilidai namba mbili: ya mtoa taarifa na ya marehemu. Wale watu wa karatasi haikuwatambua. Nilihitaji watu waliopo. Na mimi, Baba, duniani kote nina namba mbili tu ninazozijua kwa kichwa, yangu na yako. Yako naijua hata kuliko yangu, maana tangu Mama atutoke ndimi niliyekujazia kila fomu, wewe ukisema kalamu ya seremala unaiweza lakini ya serikali inauma. Mtu hawezi kuja kutoa taarifa za kifo chake mwenyewe. Basi nikajiweka mimi kuwa mtoa taarifa, na hapakubaki mwingine wa kuwa marehemu isipokuwa wewe.

Nilijiambia kwamba mfumo wa mtihani ni nakala tu. Mimi nashinda na nakala kutwa nzima. Ukiichora nakala, cheti hakiumii. Na ningeweza kujificha hapo hadi leo, nikakuambia sikujua. Lakini nilipoingiza namba yako, yalitokea majina yako yote matatu, na chini yake picha. Ile picha uliyopigwa siku ya foleni ya tano, umefunga kifungo cha juu cha shati, macho yote mawili mazima, unamkazia mpiga picha kama umemfumania anajenga bila timazi. Baba, mfumo wa kuchezea hauna sababu ya kuwa na sura yako. Mjaribu yeyote mwenye akili timamu angeinua mkono papo hapo na kumwita msimamizi. Hata anayeanza angeinua. Nilijua kwamba pale si mahali pa kuchezea. Nakiri hivyo mbele yako na mbele ya mzee anayenisoma: nilijua.

Sikuinua mkono, kwanza, kwa sababu zilibaki dakika arobaini, na kuinua mkono kungekuwa kukiri kwamba nimevunja sharti la nne. Niliitaka kazi ile kupita kiasi. Niliitaka kwa sababu ndiyo ilikuwa nauli ya kurudi nyumbani, kwa kiapo changu kile cha kijinga. Na kuna sababu nyingine, ambayo inanitia aibu zaidi. Nilifurahi kukuona. Miaka minne sijaiona sura yako, na ghafla ukawa mbele yangu, mkubwa kama skrini. Niliacha mtihani nikakutazama. Nilitazama mpaka ile saa ya ukutani ikanistua.

Kisha mfumo ukaanza kuniuliza maswali. Uhusiano wako na marehemu? Nikaandika mtoto. Sababu ya kifo? Nikaacha wazi, ikapita. Mara ya mwisho kumwona marehemu ni lini? Nikaweka tarehe ya kesho, ukakataa, nikaona vema. Nikaweka tarehe ya kabla hujazaliwa, ukakubali, nikaliandika kuwa kosa la saba. Ili niendelee nikahitaji tarehe inayofaa, na vidole vikaandika ya kweli: siku niliyoondoka kwetu. Miaka minne na miezi miwili. Nilidhani hapo mfumo utagoma. Nilidhani utauliza huyu ni mtoto gani anayeleta habari za kifo cha mzazi ambaye hajamwona miaka minne. Haukuuliza kitu. Ukasema taarifa imepokelewa, ukanishukuru. Nami nikaandika kwenye ripoti yangu kwamba mfumo unapokea kifo bila cheti cha daktari, nikajipongeza, nikahamia sehemu ya ndoa.

Kilichotokea ni hiki. Waliotengeneza mfumo wa mtihani walinakili kila kitu, lakini sehemu ya vifo walisahau kuitenga. Ilikuwa bado inaandika kwenye daftari lenyewe la nchi. Kwa hiyo tangu siku ile wewe ni marehemu kwa taarifa yangu mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, Baba. Umepanda ofisi na kushuka ofisi kumtafuta aliyekuua, na ndiye uliyekuwa unamwuliza kwenye simu.

Jumapili nzima nilizunguka chumbani. Sitakudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Niliwaza nitie saini kwanza, nikae kimya, na nikishaingia kazini nikufufue mwenyewe kimyakimya, hakuna atakayejua. Lakini mwajiriwa mpya hapewi ruhusa ya kugusa daftari mpaka amalize miezi mitatu, na macho yako yalikuwa yamebakiwa na siku kumi na mbili. Nilipiga hesabu hiyo kwa njia zote nilizozijua, na kila mara ama macho yalibaki nje ama kazi. Usiku huo nililala vizuri kuliko nilivyotegemea, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamua.

Jumatatu asubuhi mkataba ulikuwa mezani, kalamu pembeni. Nikamwomba Mama Mwenyekiti anisikilize kwanza. Nilimweleza yote, kama nilivyokueleza wewe, pamoja na picha. Hakunikemea, laiti angenikemea. Aliinua simu akaamuru mfumo wa mtihani uzimwe mara moja, kisha akaagiza watazame ni vifo vingapi vilivyopita. Ni kimoja. Akanisogezea glasi ya maji. Akasema kwamba kosa nililolikuta ndilo kubwa kuliko yote waliyowahi kuonyeshwa, na kwamba watu wangapi wangeandikiwa vifo mtihani ujao hapendi hata kufikiri. Kisha akauvuta ule mkataba upande wake, taratibu, akaufunika kwa jalada. Alisema sharti la nne alilisoma mara mbili, na alilisoma akinitazama mimi. Nikasema ndiyo, mama. Maji yakimwagika hayazoleki, nami ndimi niliyemwaga. Kazi hakuna, Baba. Alipewa aliyekuwa wa tatu.

Jumatatu hiyo hiyo, yaani jana, alikaa akaniandikia karatasi hizi mbili kwa mkono wake. Ile yenye mstari mwekundu pembeni, Mzee Fundi, nakuomba uipeleke hospitali ya macho mara tu ukimaliza kusoma; inawataka wamshikie Baba nafasi yake mpaka tarehe kumi na nane. Ya pili ibaki kabatini, tutakwenda nayo kwa msajili wa vizazi na vifo. Kwa sheria, kifo kilichoandikwa hakifutwi kwa simu wala kwa huruma. Ni lazima aliyetoa taarifa na aliyetajwa wasimame pamoja mbele ya msajili. Siku ya mapema kabisa niliyopewa ni Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe kumi na nane, saa tatu asubuhi. Nitafika Jumatano mchana. Sina cheo, sina mkataba, nina begi moja. Ningeweza kukueleza yote nikifika, lakini sikutaka uyasikie kwa mara ya kwanza dirishani, kutoka kwa karani asiyekujua.

Yapo mengine unayopaswa kuyajua kabla ya siku hiyo. Wewe ukishasimama pale kwa miguu yako, uhai wako hauhitaji ushahidi mwingine. Watakurudisha daftarini siku hiyo hiyo na hospitali itapata taarifa. Hilo nimelihakikisha, nimeuliza mara tatu. Macho yako hayategemei neno lolote utakalolisema. Ila msajili atakuuliza swali moja kunihusu mimi. Atakuuliza kama unamfahamu mtu huyu aliyeleta taarifa ya kifo chako, na kama ni mwanao kweli. Ukisema ndiyo, wataandika kwamba mtoto alikosea. Ukisema hunifahamu, nitakuwa mghushi, na jalada langu litapelekwa polisi.

Mwambie jirani wa duka la kona kwamba namsalimu, na wale mafundi wawili waliokuwa vijana wako wa kazi, kama bado wanapita kukujulia hali. Mzee Fundi Saa, kwako sina salamu ya kutosha. Umekuwa macho ya baba yangu wakati mimi nilipaswa kuwa hayo, na leo nimekutwisha kumsomea mambo ambayo sikuthubutu kumwambia kwa mdomo wangu. Unisamehe, na ahsante kama kweli hukuruka.

Baba, sikufundishi la kujibu. Una haki ya kukasirika, tena una haki ya kusema kwamba binti uliyemjua alikuwa akija nyumbani. Siku ile hutaniona vizuri. Nitakuwa kivuli kingine tu mbele ya mwanga wa dirisha, kando ya kivuli cha karani. Nitasimama karibu, uguse mkono wangu ukitaka, uso wangu ukitaka, usikilize sauti yangu kwa muda wowote utakaoutaka. Watangoja. Kisha wakikuuliza, nakuomba useme unanijua.

Ni mimi,
mwanao.